Siku moja maishani mwangu: fundi wa boti Dunga na mabawa sita ya mpira

Saa 11:40 alfajiri simu inalia kabla sijavaa shati. Ni nahodha wa boti ya abiria, na sauti yake ni ya mtu ambaye hakulala. "Fundi, injini imechemka tena." Kilichonishtua ni hilo "tena". Injini hiyo mimi sijawahi kuigusa.

Saa 12:30 niko juu ya boda kutoka mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, kuelekea Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Akina mama wameshatandaza nyavu chini na kuanika omena. Kijana ninayemfundisha kazi amenitangulia ufuoni, amebeba sanduku la spana, chupa ya chai na nyoyo ya jana, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Tunakunywa chai tukiwa tumesimama.

Saa 1:00. Boti ni ya mbao, na injini ni dizeli ya silinda tatu iliyolala tumboni mwa boti. Wengi wetu ziwani tumezoea mashine za kutundika nyuma, hivyo hizi za ndani huwachanganya watu. Ndani yake mna maji ya aina mbili yasiyokutana. Moja ni maji ya injini yenyewe, yanayozunguka humo humo. Mengine ni ya ziwa: yanavutwa na pampu, yanapita kwenye kipozea kuyanyang'anya yale ya kwanza joto, kisha yanatemwa nje kupitia eksosi pamoja na moshi.

"Ni gugu maji tu, jaduong'," nahodha ananiambia, yaani mzee kwa Kijaluo. "Limeziba chini."

Huenda. Gugu hilo limebeba lawama za ziwa hili tangu miaka ya 1990, na mara nyingi ni lawama za haki. Lakini nilitaka kuona kwanza. Tukawasha. Injini ikiwa polepole, sindano ya geji ilitulia. Nahodha alipoongeza mafuta, ikaanza kupanda, na kule nyuma eksosi ikatema maji kidogo mno, mvuke mwingi, na harufu ya mpira unaoelekea kuungua. Nikamwambia azime. Mfuniko wa maji nikamkataza kabisa kuugusa. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi, hayangoji 100 kama kule Mombasa nilikojifunzia kazi. Mfuniko ndio unaoyashikilia kwa presha. Ukiufungua yakiwa ya moto, yote yanakurukia usoni.

Saa 2:15. Kijana anavua shati apige mbizi akaangalie tundu la maji chini ya boti. Wavuvi wakampigia kelele: kiboko alionekana palepale jana jioni. Akavaa shati. Hata hivyo hakukuwa na haja ya kupiga mbizi. Nilifunga vali ya chini, nikachomoa mpira unaokwenda kwenye chujio, kisha nikafungua vali kidogo. Maji yaliruka yakanilowesha hadi magotini. Njia ya chini ilikuwa wazi. Chujio nalo lilikuwa na nyuzi chache za mizizi ya gugu na konokono mmoja, basi.

Saa 3:00. Nikafungua pampu ya maji ya ziwa. Ndani mna pangaboi ndogo ya mpira, tunaiita impela. Ilikuwa mpya, nyeusi inang'aa, mabawa yote sita mazima. Nahodha akafurahi: "Hiyo ilibadilishwa wiki iliyopita."

"Ya zamani ilikuwaje?"

"Ilikuwa imekatika-katika."

"Na vipande vilikwenda wapi?"

Kimya. Yule fundi aliyeibadilisha hakuuliza swali hilo. Alifunga impela mpya, boti ikachemka tena, naye akafanya lile ninalolichukia kuliko yote: akang'oa thamostati, ile vali inayofunguka yenyewe maji ya injini yakipata joto, akaitupa. Watu huamini kwamba ukiitoa, maji yatapita vizuri. Kwenye injini nyingi yatakwepa kipozea yarudi yakiwa moto vilevile, na siku ya baridi injini haipati joto lake la kazi. Kama thamostati haifunguki, badilisha.

Saa 4:00 hadi saa 7:00 zilikwisha kwenye kipozea, maana boliti za kifuniko chake ziligoma na moja nusura ikatike. Tulimwagia mafuta, tukagonga taratibu, tukangoja. Kifuniko kilipotoka nikamwita nahodha ainame aone mwenyewe. Kwenye midomo ya vijibomba vya shaba, kama mende waliojibanza ufa wa ukuta, vimekaa vipande vitatu vya mpira mweusi. Injini ikienda polepole, maji machache yaliyopenya yalitosha. Ikiongezwa mwendo, joto linazidi, maji hayazidi.

Tatu. Impela ina sita. Nikachomoa mpira ulio kati ya pampu na kipozea, nikapitisha waya kwenye kona. Viwili vingine vikaanguka mkononi mwa kijana.

Saa 7:30 tulikula mbuta na ugali, lakini sikuufurahia mlo. Lile bawa la sita lilinikaa kichwani.

Saa 9:00. Tumesukuma maji kinyumenyume kwenye vijibomba vyote, hakuna kitu. Nikakata gasketi mpya, nikafunga thamostati niliyokuwa nayo sandukuni, tukajaza maji. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuvuruga ziwa tulipotoka kujaribu. Nusu saa kwa mwendo wa kazi, sindano haikuvuka 80, na eksosi ilikuwa inatapika maji vizuri.

Saa 11:15 mama mwenye boti akafika, akanitumia pesa kwa simu, akauliza kama boti inaweza kupakia kesho. Nikamwambia, "Mama, inaweza, lakini nahodha asiondoe jicho kwenye geji."

Saa 2:00 usiku, nikiwa nyumbani, nikaona afadhali nimpigie yule fundi wa kwanza. Hakukasirika. Nikamuuliza ile impela ya zamani ilitoka na nini.

"Kitovu tu," akasema. "Na bawa moja lililokuwa bado limeshikilia."