Ufagio Uliokaa Mahali Pangu

Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kujipiga picha hapa Kigoma, si kwa kunyoosha mkono wenye simu kama tufanyavyo harusini, bali kwa kuiweka kamera juu ya stendi, kuitegesha sekunde kumi, kisha kukimbilia mahali nilipokusudia kukaa. Faida yake ni kwamba anayepigwa hachoki kusubiri wala hadai nakala.

Ugumu uko katika kulenga, kwa sababu kamera haiwezi kumlenga mtu ambaye bado hajafika. Ukiilenga ukutani, ukuta utatoka safi nawe utatoka ukungu. Kwa hiyo humtanguliza mwakilishi wangu, yaani ufagio wa mti mrefu, ambao nauegemeza kitini, naulenga mti wake, nazima ulengaji wa kamera yenyewe ili nilichokipima kisibadilike, kisha nauondoa na kuketi papo hapo. Siku moja nilisahau kuuondoa, na picha hiyo, tumekaa bega kwa bega kama maharusi, ndiyo majirani waliyoipenda kuliko zote.

Kujipiga nje kunahitaji moyo zaidi. Nilipotega stendi ufukweni Kibirizi, karibu na dagaa walioanikwa, mama mmoja aliyekuwa akiwageuza alinitazama nikienda na kurudi mara nne, hata nikaona haya nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Sasa unampiga nani, mbona pale hapana mtu?”

Nilimweleza, akacheka, akaendelea na dagaa wake. Stendi nayo ilikuwa ikizama mchangani taratibu, hivyo katika kila picha Ziwa Tanganyika limeinama kama maji ndani ya karai lililobebwa vibaya.

Tangu hapo narudi zaidi nyumbani. Kwa kuwa tuko magharibi ya nchi lakini tunafuata saa zilezile za Dar es Salaam, jua letu huzama upande wa Kongo yapata saa moja jioni, na mimi nitokaye kazini saa tisa na nusu hupata muda wa kutosha kungoja mwanga ulale. Jioni moja ulinipiga mgongoni uani, kivuli changu kikaangukia kanga iliyokuwa kambani, kichwa kikitua chini kidogo ya maandishi yake: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Nilipiga kivuli hicho bila kuingiza hata ncha ya kiatu, nami naiona kuwa inafanana nami kuliko picha yangu ya pasipoti.

Mpiga picha Samuel Fosso, aliyefungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, alitumia filamu iliyobaki baada ya kuwapiga wateja kujipiga yeye mwenyewe, na baadhi ya picha hizo akampelekea bibi yake Nigeria ili ajue kuwa mjukuu yu mzima. Napenda sababu hiyo kuliko maelezo mengi ya kisanii niliyowahi kusoma, nami nikaiga: picha ya kivuli nikamtumia mama aliyeko Kasulu.

Alinipigia simu usiku uleule. Kivuli hakukitaja kabisa. Alitaka kujua kanga yake, aliyoitafuta tangu Pasaka, imefikaje kwangu.