Vanila ndani ya bia nyeusi

Shemeji alinitoa Buffalo asubuhi, theluji imefunika barabara, hadi Lakewood, mji mdogo kando ya Ziwa Chautauqua, magharibi mwa jimbo la New York. Hapo ndipo kampuni ya Southern Tier inapopikia bia. Alijua nimezoea rubisi, pombe yetu ya ndizi, na bia za kawaida, akataka nionje ile waliyoipa jina la kitindamlo cha Kifaransa, Crème Brûlée.

Ililetwa kwenye glasi fupi kwa sababu ni kali, kilevi chake kinakaribia asilimia 10. Nyeusi tii, povu la kahawia. "Usiinywe kama bia ya Serengeti, shemeji," akaniambia. "Inuse kwanza."

Nikainusa, nikaishusha mezani. Ilikuwa vanila tupu.

Nimekulia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Miaka ya 1990 mama yangu alipanda vanila katikati ya migomba na mibuni. Ua lake hufunguka alfajiri na mchana linanyauka, na kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Basi Mama alipita mche kwa mche na kijiti, akainua kiwambo chembamba kilicho ndani ya ua, akabana kwa kidole gumba, akaendea jingine. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841, na hadi leo wakulima wa vanila duniani wanaitegemea. Nasikitika kwamba jina lake halijulikani hata kwa wengi wanaoishi kwa kazi aliyoibuni. Ganda likishashika, unalilinda takriban miezi tisa, na usiku unalala sikio moja liko shambani, maana wezi wa vanila hawana huruma.

Sisi tuliuza maganda mabichi. Vanila mbichi hainukii. Harufu hutoka ganda likishapashwa moto, likatoa jasho, likaanikwa wiki kwa wiki, na kazi hiyo ilifanyika mbali na nyumbani. Kwa hiyo utoto wangu wote niliishi na mmea ule bila kuijua harufu yake hasa.

Nikanywa. Ulitangulia utamu wa maziwa. Wanatia laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, ndiyo maana haigeuki kuwa kilevi. Ikafuata sukari iliyoungua, kisha uchungu wa kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, na uchungu huo ndio unaoifanya iwe bia. Ilivyozidi kupata joto ndivyo kahawa ilivyojitokeza. Wapo wanaoshikilia kwamba bia haitakiwi kuwa na ladha ya keki. Siwaelewi. Rubisi ni ndizi mbivu, na wazee wetu hawakuwahi kuuonea haya utamu wake.

Nikampigia Mama. Bukoba ilikuwa usiku tayari.

"Vanila wanatia kwenye pombe?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Na inanukia glasi nzima."

Akataka kujua pipa moja linakula maganda mangapi. Sikuwa na jibu, nikampa shemeji simu. "Shikamoo, Mama," akasema, na kabla hajamaliza kuitikiwa, alishaulizwa huko Marekani kilo wanainunua bei gani.