Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi Yangu ni Kuujaza Mji

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kufika River Road, Nairobi, nikiwa na orodha ya watu 32 ambao hakuna mtazamaji atakayeyajua majina yao. Mimi ndiye msimamizi wa waigizaji wa ziada, ambao sisi kazini tunawaita ekstra: mama anayemenya ndizi nyuma ya mhusika mkuu, makanga anayepita akipiga mluzi, mwenye duka anayepewa sentensi mbili. Wengi hudhani kwamba ninaokota wapita njia tu, kumbe kila alfajiri, nikiwa na usingizi machoni, ninaamua nani ataonekana kuwa mkaazi wa mji huu na nani hataonekana.

Hadi saa tatu ilikuwa chai, mandazi, mavazi, na kumwonyesha askari wa kaunti kibali kilekile mara mbili.

Saa nne tukaingia dukani, na duka hilo likaimeza siku nzima. Muswada ulitaka "Muhindi wa duka", bahili, mwenye Kiswahili kilichovunjika. Nilikuwa nimemleta mzee mmoja anayeishi Ngara, mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kinatushinda sote tuliokuwapo. Alipofika kwenye maneno "wewe nataka nini", ulimi wake wenyewe ukayanyosha: "Wataka nini, mwanangu?" Mwongozaji akasimamisha kamera.

"Mzee wangu, kivunje kidogo, watu wacheke."

"Mimi nikikivunja, atakiunga nani?"

Tuliangua kicheko hadi mpiga picha akashika ukuta. Kilikuwa kichekesho bora cha siku hiyo, na kamera ilikuwa imezimwa.

Hapo yakaanza mabishano yaliyotufikisha saa nane, jua likiwa utosini na ekstra wangu wakiwa hawajala. Mwongozaji alisema kwamba marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, akaigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga, na nchi nzima ikampenda. Ni kweli, nami nilikua nikimtazama. Lakini Mzee Ojwang' alikuwa na nyumba, mke, hila na aibu zake, na tulimjua kwa miaka mingi. Mzee wangu alipewa sekunde 20 na lafudhi, basi. Lafudhi ikiwa ndiyo kitu pekee alichopewa mtu, mtazamaji atacheka nini kingine? Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii, ilhali katika miswada yetu bado hawajavuka kaunta ya duka.

Aliyetuamua ni mzee mwenyewe. Alisema ataigiza mara mbili, kwa njia yake na kwa njia ya mwongozaji. Ile ya pili aliivunja kwa ufundi uliotutia haya, kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ndivyo alivyozungumza babu yake, ambaye alijifunza Kiswahili ukubwani na hakuona sababu ya kuchekwa.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Kulikuwa na onyesho la matatu, ambapo nilimweka foleni dada anayetumia kiti cha magurudumu, nikaambiwa nimtoe kwa sababu kumpandisha kungechukua muda mrefu mno. Nikakataa, akabaki, ingawa pembeni kabisa mwa picha. Kulikuwa na honi, betri zilizokwisha, chapati zilizopoa. Miguu yangu ilikuwa imevimba.

Giza lilipoingia nikaanza kulipa. Mzee alikuwa wa mwisho. Alitia sahihi, akazihesabu noti zake polepole, akaniuliza iwapo ujira wa Kiswahili kilichovunjika na wa kile kizima ni mmoja.

Nikamwambia ni mmoja.

"Basi wambie watumie kile kizima," akasema, "hakina gharama ya ziada."