Meza ya Bibi Chini ya Kitambaa

Mwaka 2009 nilipata mteja wangu wa kwanza wa maana. Kabla ya hapo nilikuwa nashona mapazia ya vyumba vya kupanga na kupamba kumbi za kicheni pati, kazi ambayo ukitoa nauli na chakula cha wasaidizi unabaki na shukrani. Yule mama alikuwa amemaliza ghorofa lake Mbezi Beach, sebule pana kiasi cha watoto kuchezea mpira. Alinikabidhi bahasha iliyojaa picha alizokata kwenye magazeti ya nje: makochi ya mahameli ya kijani, vioo vyenye fremu za dhahabu, thurea zinazoning'inia kama vichala vya zabibu.

"Nataka kitu cha kizamani," akasema. "Lakini mtu akiingia tu, ajue humu kuna pesa."

Nilirudi nyumbani nikakesha kwenye intaneti. Nikajua kwamba mtindo ule una jina, Hollywood Regency, na ulishika kasi miaka ya 1930 waigizaji wa Marekani walipotaka nyumba zao zing'ae kama seti za filamu. Mmoja wa waliouvumisha, William Haines, alikuwa mwigizaji mwenyewe. Mambo ya filamu yalipomharibikia akageukia kupamba nyumba za wenzake, akina Joan Crawford. Hilo lilinipa moyo kidogo, maana na mimi sikusomea kazi hii chuo chochote.

Moyo peke yake hautengenezi kochi. Nilikwenda Keko nikachongesha viti viwili vya mgongo mrefu, nikanunua mwenyewe rangi ya dhahabu ya kupuliza, na fundi aliponiambia mama, hii bila kupigwa msasa vizuri na kuwekewa praima haitakaa, nikamjibu kwamba sina muda. Siku ya tano dhahabu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Viti vile ninavyo mpaka leo, vipo stoo, vimegeuziwa ukutani.

Ndipo nikapanda boti kwenda Unguja. Nilijiambia nakwenda kutafuta kasha la njumu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia mteja. Nikazunguka Mji Mkongwe kutwa nzima nikipapasa milango na kuulizia bei nisizoziweza, na alasiri nikaingia Beit al-Sahel, kasri la masultani pale Forodhani, ambalo baada ya Mapinduzi liliitwa Kasri la Wananchi na mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Vyumba vya chini vilikuwa kama nilivyotarajia: masultani wenye vilemba wakikutazama kutoka kwenye fremu, samani nzito za mbao nyeusi zilizochongwa mpaka zimechoka, chumba cha Sayyida Salme, binti wa sultani aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani. Nilijaza kurasa tatu za michoro ya miguu ya viti. Mzee aliyekuwa akinitembeza akanisubiri kwa subira, kisha akasema, "Twende juu bibie, ukaone walipokuwa wakilala."

Juu kulikuwa na makazi ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi alipofariki mwaka 1960, pamoja na vyumba vya wake zake wawili. Kila mmoja wa wale wake alikuwa na jicho lake la samani, unaliona hilo hata bila kuelezwa. Na humo, ndani ya kasri, katikati ya vitu vya enzi, nikakutana na kabati la fomaika.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikasogea. Fomaika kabisa, ile ile ya meza za migahawa, na ukingo wake unang'aa chini ya mwanga wa dirisha la baharini.

"Hii nani aliileta humu?" nikauliza, nikiamini ni kabati la wafanyakazi.

Mzee akacheka. "Wenyewe. Miaka ya hamsini hii ndiyo ilikuwa fahari. Mpingo kila mtu alikuwa nao."

Nilikaa pale kuliko nilivyokaa kwenye chumba kingine chochote. Baadaye nilisoma kwamba fomaika ilibuniwa na Wamarekani wawili mwaka 1912, ni karatasi juu ya karatasi zilizoloweshwa utomvu wa viwandani na kushindiliwa kwa joto mpaka zikawa ubao. Haikuwa ya samani hata kidogo. Ilikuwa ya kuzuia umeme, badala ya ulanga, madini ambayo Waingereza huyaita mica, na ndiyo maana ya jina lenyewe: "for mica", badala ya ulanga. Ulanga huo huo uliokuwa ukichimbwa milima ya Uluguru! Rangi na maua vilikuja baadaye. Lakini siku ile kasrini sikuwaza hayo. Niliwaza meza ya bibi yangu Ngamiani, Tanga, ambayo mama alikuwa akiiita takataka na ambayo mimi, miaka yote niliyolia chakula juu yake, sikuwahi kuuona uso wake. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma tangu sijazaliwa.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Tanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Umekuja kuchukua nini?"

Bibi hakuwa mtu wa kuzungushwa, basi nikamwambia. Akanitazama kama niliyepungukiwa. Hata hivyo akaondoa birika, akaondoa redio, akaondoa kopo la vijiko, na akanyanyua kile kitambaa kwa ncha mbili kama anayemfunua mgonjwa.

Chini yake palikuwa na kijani. Si kijani cha rangi ya ukuta. Kijani cha embe bichi ukilikata, chenye vijistari vya dhahabu vilivyotawanywa bila mpango. Katikati, pale kitambaa kilipokinga jua, rangi ilikuwa kama ya jana. Pembeni ilikuwa imekuwa njano, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa na mawimbi, umefuata kingo za ufumaji tundu kwa tundu. Ukingo wa alumini wenye mifereji ulizunguka pande zote, na kona moja ilikuwa na alama ya pasi ya mkaa, nyeusi, umbo la mtumbwi.

"Hiyo ni babu yako," bibi akasema. "Alijitia anajua kupiga pasi."

Nikamwuliza anataka shilingi ngapi. Akasema hataki pesa, anataka meza ya kioo, yenye miguu inayong'aa, kama za kwenye tamthilia. Nikajaribu kumweleza kwamba hizo ni za kawaida, zimejaa Kariakoo, kwamba yake ndiyo ya thamani, hata sultani alikuwa na vitu vya aina hii. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sultani naye angefurahi kupata ya kioo," akasema.

Tukafunga biashara. Ile ya fomaika ilisafiri kwa fuso mpaka Dar ikiwa imeviringishwa kwenye magodoro mawili. Niliiweka Mbezi Beach chini ya kioo cha fremu ya dhahabu, safari hii dhahabu iliyopakwa kwa brashi na fundi niliyemsikiliza, na mahameli yote ya sebule nikayachagua kwa kuyalaza juu yake moja moja mpaka kijani kikakubali. Alama ya pasi sikuigusa. Mwenye nyumba aliizunguka mara mbili, akauliza nimeiagiza nchi gani. Nikasema Tanga. Akakaa kimya kidogo, halafu akaagiza chai iletwe pale pale.

Mwezi uliofuata nilipita Ngamiani kumwona bibi. Meza ya kioo ilikuwa imesimama mahali pa ile nyingine, birika juu yake, redio, kopo la vijiko. Kioo chenyewe sikukiona. Kilikuwa kimefunikwa kile kile kitambaa cha kufuma, kimevutwa mpaka kingoni.