Kabla ya milimita, niulize ukingo

Wateja wangu hapa Kampala huuliza jambo moja kabla ya bei: "Fundi, kioo hicho ni cha milimita ngapi?" Ni swali zuri, lakini mimi hutamani waulize pia ukingo umesagwa vipi. Kioo cha milimita kumi chenye ukingo uliojaa meno hunitia hofu kuliko cha nane kilichosagwa vizuri.

Chuma kikivutwa sana hurefuka kwanza. Kioo hakirefuki. Mkwaruzo usioonekana kwa macho hukusanya nguvu yote kwenye ncha yake, na ncha ikishindwa, ufa haurudi nyuma. Mwingereza A. A. Griffith alilieleza hilo mwaka 1921, baada ya kuvuta nyuzi za kioo na kukuta kuwa kadiri zinavyokuwa nyembamba ndivyo zinavyozidi nguvu. Ndiyo maana viwango vya Ulaya hukipa kioo cha kawaida megapaskali 45 tu (kipimo cha nguvu kwa eneo) kikipindwa, ingawa kisicho na kasoro kingebeba maelfu.

Kasoro kubwa tunazitia sisi mafundi wakati wa kukata. Chukua kipande kilichokatwa sasa hivi, kimulike ubavuni kwa tochi ya simu. Upande lilikopita gurudumu la kukatia utaona vimeno vimepangana, na chini yake nyufa fupi zimeingia ndani. Gurudumu butu na mkono mzito huzizidisha. Ukipitisha jiwe kuondoa ukali tu, nyingi zinabaki. Lazima usage kwa maji mpaka sehemu iliyoumia iishe.

Mama mmoja mwenye duka la dawa Nansana aliniita kwa sababu ya dirisha linalotazama magharibi. Limepasuka, na hakuna aliyerusha jiwe.

"Fundi, kwani waliniwekea kioo kibovu?"

"Mama, hebu tuangalie ufa ulipoanzia."

Ulitoka ukingoni, umenyooka pembe mraba, halafu ukapinda. Huo ni ufa wa joto. Karatasi nyeusi ya kuzuia jua ilikuwa imepasha moto katikati, ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukabaki baridi, ukavutwa. Tulipotoa fremu, pale pale ufa ulipoanzia palikuwa na pengo dogo kama punje ya mtama. Kioo chenyewe kilikuwa kizima, mkataji ndiye aliyeharakisha.

Kioo kigumu, kile kinachopashwa moto zaidi ya nyuzi joto 600 kisha kikapulizwa hewa baridi, kinasaidia sana: uso wake unabaki umebanwa, na ufa lazima ushinde mbano huo kwanza. Viwango vya Ulaya hukipa megapaskali 120. Kikipakwa enameli, yaani rangi inayochomwa juu ya kioo, kabla ya tanuri, hushuka hadi 75, na wachoraji wengi wa majengo hawalihesabu hilo. Matundu na usagaji wote umalizike kabla ya tanuri, baada ya hapo hakikatwi tena. Kupuliza mchanga ili kioo kiwe cha ukungu nako hutia kasoro uso mzima.

Maji pia ni adui. Unyevu hushambulia ncha ya ufa polepole, kwa hiyo kioo cha kawaida chenye mzigo wa kudumu, mfano rafu ya duka, huhesabiwa kwa chini ya theluthi ya nguvu yake.

Ukipokea vioo kutoka kwenye pikapu, pitisha tochi kwenye kingo zote nne kabla hujalipa, na usikubali visimamishwe juu ya saruji bila mbao chini yake.