Kiazi cha Kuchemsha

"Mama, mbona vitunguu vinalia vyenyewe?"

Jumapili, natengeneza kachumbari. Nilikuwa nimekata vitunguu, nikavinyunyizia chumvi, nikageukia ndizi jikoni. Mwanangu kainamia bakuli: maji yameshatuama chini na hakuna aliyeyatia.

Nikakumbuka kiazi.

Kidato cha tatu, bweni, Moshi. Kundi letu lilipewa viazi mviringo viwili. Kimoja kibaki kibichi, kingine kichemshwe. Tuvimenye, tuvichimbe shimo juu, tutie sukari, tuvikalishe kwenye sahani za maji mpaka kesho yake. Sukari haikufika maabara (asiyewahi kulala bweni asinihukumu), tukaazima chumvi jikoni. Na kile cha kuchemsha nilikila mimi. Njaa ya jioni, kiazi cha moto, chumvi ipo, ungefanyaje?

Asubuhi niliwahi peke yangu. Kibichi kilikuwa dirishani, na nyuma yake mlima umejifunua wote, jambo ambalo halitokei kila siku. Shimo tuliloliacha na chumvi kavu lilijaa maji hadi ukingoni, yamevimba kidogo kama chozi linalokataa kudondoka. Niligusa meza, yakatetemeka. Maji ya kwenye sahani yamepungua. Nikachovya kidole shimoni, nikalamba: chumvi kali. Yalikuwa yamepita ndani ya nyama ya kiazi, seli hadi seli, yakiifuata chumvi, bila bomba wala mtu wa kuyavuta. Nilisimama pale hadi kengele ikalia.

Ikabaki kujaza daftari. Cha kuchemsha, ambacho kilikuwa tumboni, nilikiandikia: maji yamepanda milimita 4. Nilijipa na sababu: kimelainika, kwa hiyo maji yanapita kirahisi zaidi.

Mwalimu alisoma, akavua miwani. "Binti, maiti hii imefufuka lini?"

Darasa lilicheka hadi wa jirani wakachungulia. Akaeleza kwamba utando wa seli huchagua: maji huyapitisha, chumvi na sukari huzizuia. Ukichemsha umeuua. Chujio likishatoboka, chumvi inatoka nje huku maji yakiingia, na shimo halijai. Nikapata sifuri, na kufagia maabara wiki nzima. Hoja yangu ya kulainika, kusema kweli, mpaka leo naiona haikuwa ya kijinga sana.

Nilimweleza mwanangu hayo yote, nikiruka sehemu ya kukila. Nikamwongezea ambalo sisi hatukuambiwa: kwamba utando una vijilango vya maji tu, ambavyo Mmarekani Peter Agre alivithibitisha mwaka 1992, na 2003 akapata Nobel ya kemia.

Vijilango havikumgusa. Alikuwa bado anatazama bakuli.

"Kwa hiyo hivi vitunguu viko hai?"

Nilikuwa nimeshavishika, tayari kuvikamua.

"Lete ndimu," nikamwambia.