Genesis ya Gabriel, Genesis ya Phil, na deni la mwaka 1982

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya themanini mwishoni kila akirudi Dar begi lake lilikuwa na vitu viwili vya uhakika, sabuni za kunukia za mkewe na kanda. Kwenye hizo kanda kulikuwa na albamu ya Invisible Touch ya bendi ya Genesis ya Uingereza, orijino kabisa, ile yenye mkono kwenye kava, na tuliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Kwa hiyo sisi nyumbani tulikua tukijua Genesis ni Phil Collins na wenzake wawili, basi, hakuna mwingine.

Mimi nilikuja kujua ukubwani kwamba kabla ya Phil kushika maiki kulikuwa na mtu anaitwa Peter Gabriel, na kwamba kuna watu duniani wanasema bendi ilikufa siku alipoondoka. Nikanunua albamu za enzi zake, Foxtrot na Selling England by the Pound, nikazama mazima. Tangu hapo kila tukikutana na mjomba Jumapili ni ubishi tu. Yeye anasema "mjomba, zile nyimbo zako za dakika ishirini zinasubiri nini kuanza?" na mimi namwambia "mjomba, zako zimeisha kabla mtu hajakaa vizuri." Tunapendana sana lakini kwa hili hatujawahi kukubaliana.

Kwa asiyeijua bendi, kwa kifupi: vijana wa shule ya Charterhouse kule Surrey, Uingereza, mwaka 1967. Gabriel akiimba, Tony Banks kinanda, Mike Rutherford besi na gita, Anthony Phillips gita. Phillips akaacha 1970 kwa sababu jukwaa lilikuwa linamtia hofu mbaya, mwaka huohuo Phil akaingia kupiga dramu, mapema 1971 akaingia Steve Hackett kwenye gita, na hao watano ndio watu wanaowaita Genesis ya dhahabu. Mwaka 1972 Gabriel akapanda jukwaani Dublin amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, wenzake hata hakuwaambia kabla. Foxtrot ina wimbo wa Supper's Ready, dakika kama ishirini na tatu, na mle ndani kuna kipande cha mdundo wa tisa kwa nane, yaani mapigo tisa kila duru badala ya manne tuliyozoea, ambacho mpaka leo nikikisikia nywele zinasimama. Halafu 1974 ikaja The Lamb Lies Down on Broadway, albamu mbili kwa mpigo, hadithi ya kijana wa New York, Gabriel kaandika maneno karibu yote peke yake, kwake mtoto kazaliwa kwa shida, wenzake wanalalamika hayupo studio, mwaka 1975 akaaga.

Sasa hapa ndipo wapenzi wanapogawana njia.

Upande mmoja unasema baada ya hapo ikawa biashara. Upande wa mjomba unasema baada ya hapo ndo ikawa bendi. Mimi mwenyewe nilikaa upande wa kwanza miaka mingi kwa ukali mno, na bado albamu ninazozipenda ni za kabla ya 1975, hilo silifichi. Lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona hoja zetu zina matundu. Mtu anakwambia Phil kaiharibu Genesis, sawa, lakini ule mdundo wa tisa kwa nane nani anaupiga? Phil. For Absent Friends ya 1971 nani anaimba? Phil tena, na More Fool Me ya 1973 pia, Gabriel akiwepo. Gabriel alipoondoka walisikiliza waimbaji chungu nzima wa kuja kujaribiwa, hakuna aliyewaridhisha, mwisho mpiga dramu akasimama mwenyewe akaimba, na A Trick of the Tail ya 1976 ikatoka na muziki wake bado una zile kona kona zote. Ukimwekea mtu asiyejua hatahisi kama bendi imepoteza mwimbaji.

Kwangu mimi bendi ilibadilika kweli 1977 alipoondoka Hackett, na hili watu hawalisemi vya kutosha. Gita lake ndilo lililokuwa linaleta ule ukungu, sikiliza wimbo wa Firth of Fifth kisha sikiliza chochote cha baada ya yeye kuondoka. Wakabaki watatu, 1978 wakatoa Follow You Follow Me ikaingia kumi bora Uingereza, ndiyo mara yao ya kwanza singo kufika huko, miaka kumi na zaidi toka waanze! Duke ya 1980 ikawa albamu yao ya kwanza kukaa namba moja kwao. Kwenye albamu ya Abacab wakaita hadi wapuliza tarumbeta wa bendi ya Earth, Wind & Fire. Na kwenye hiyohiyo Invisible Touch ya mjomba ya 1986 kuna wimbo wa Domino, dakika zaidi ya kumi, ambayo mjomba alikuwa anairuka na mimi nikiwa mdogo nilidhani kanda imeharibika pale.

Halafu wale wanaosema Gabriel alibaki kwenye sanaa na wenzake wakaenda kwenye pesa, hebu waangalie chati za Marekani Julai 1986. Wimbo wa Invisible Touch ulishika namba moja, wiki iliyofuata ukatolewa na wimbo gani? Sledgehammer ya Peter Gabriel. Watu walewale waliokuwa bendi moja wamepeana zamu pale juu, wote kwa muziki wa kuchezeka.

Sisi tuliokulia kwenye dansi hatukupaswa hata kushangaa. NUTA Jazz ikawa JUWATA ikawa OTTU ikawa Msondo Ngoma, mwimbaji wao Gurumo kaondoka kaenda bendi ya Sikinde, kaenda OSS, karudi, na wazee wakikaa bado wanagombana ipi ndiyo yenyewe. Ni mapenzi yaleyale.

Ila kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike hii posti, kwa sababu linanigusa mimi kama Mtanzania na sijawahi kusikia mtu wa kule akilitaja kwenye huu ubishi wao.

Julai 1982 Gabriel na wenzake wengine walianzisha tamasha la WOMAD, kule Shepton Mallet, muziki wa dunia nzima mahali pamoja, hadi wapiga ngoma wa Burundi walikuwepo. Kimuziki lilikuwa kubwa, kipesa lilikuwa balaa. Watu hawakutosha, madeni yakawa ya kutisha, na kwa vile jina kubwa lilikuwa la Gabriel wadai wakamwandama yeye, mpaka vitisho vya kuuawa akapokea. Ndipo wale aliowaacha 1975 wakajitokeza, Banks, Rutherford, na Phil ambaye wakati huo alikuwa staa kwa jina lake mwenyewe, wakasema tunapiga shoo moja na wewe, pesa ziende kwenye deni. Tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, mvua inanyesha, Gabriel akaletwa jukwaani ndani ya jeneza, Phil akarudi nyuma kwenye dramu, na mwishoni kabisa Hackett naye akapanda. Wote watano. Hawakuwahi tena kusimama hivyo mbele ya watu.

WOMAD ikapona. Na kutoka WOMAD ikazaliwa lebo ya Real World, 1989, na mwaka huohuo Real World wakatoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila. Remmy wetu, Dokta, mzaliwa wa Kongo aliyefia Dar, yule ambaye Sinza kuna mtaa na kituo cha daladala kwa jina lake! Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshampeleka Ulaya kuzunguka na tamasha, na 1992 wakamtolea nyingine, Mambo. Nikiweka Kipenda Roho kutoka ile rekodi ya 1989, sauti imetulia, kila gita unalisikia linaongea na mwenzake, huwa nafikiria kama wale watu wangeng'ang'ania kinyongo cha 1975 na WOMAD ikazama na lile deni, rekodi hii ingetokea wapi. Pale hakukuwa na Genesis ya Gabriel wala Genesis ya Phil. Kulikuwa na jamaa yao amebanwa na wakaja. Mtu akiniuliza urithi wa ile bendi ni nini, namba moja kwenye orodha yangu ni ule usiku wa mvua, Supper's Ready inafuata.

Nilimsimulia mjomba haya mwezi uliopita. Remmy anampenda kuliko wazungu wote, kwa hiyo alikaa kimya muda mrefu, afu akaomba nimuonyeshe Phil wa siku hizi. Nikamuwekea video ya shoo ya mwisho ya Genesis, ukumbi wa O2 London, tarehe 26 Machi 2022. Phil amekaa kwenye kiti, mgongo na mishipa haimruhusu tena, mwanawe Nic ndiye yuko kwenye dramu, na Gabriel yupo kati ya watazamaji. Wimbo wa mwisho kabisa waliopiga ni The Carpet Crawlers. Mjomba macho yakawa mekundu. Akauliza huu ni wa albamu gani, mbona hakuwahi kuuleta. Nikamwambia ni wa 1974, wa Gabriel huo.

"Basi Phil kauimba vizuri kuliko mwenyewe," akasema.

Nikaitafuta ya 1974 asikie tofauti. Tumeusikiliza mara nne na hajabadilisha kauli.